Kombaini za Robert Rauschenberg

Kombaini ni jina la kundi la kazi za sanaa zilizotengenezwa na Robert Rauschenberg (22 Oktoba 1925 - 12 Mei 2008), msanii kutoka nchini Marekani, hasa kati ya miaka 1954 na 1964. Ndani ya kazi moja msanii aliunganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida hutengana: rangi iliyopakwa kwa mikupuo mikubwa ya brashi au kuachwa itiririke, na vitu halisi vilivyookotwa mitaani au kununuliwa kwa bei ndogo, kama vile mto wa kulalia, kiti, redio, tairi la gari na hata wanyama waliokaushwa.

Jina hilo lilitoka kwa msanii mwenyewe, kwa kuwa watazamaji walibishana kama kazi hizo ni michoro au sanamu, naye hakutaka kuchagua upande. Msomaji anayejua maana ya timu ya kombaini, yaani timu yenye wachezaji waliochaguliwa kutoka timu mbalimbali, hayuko mbali na maana iliyokusudiwa. Baadhi ya kombaini hutundikwa ukutani kama picha. Nyingine husimama sakafuni kama sanamu, na chache zina magurudumu madogo.

## Msanii kabla ya kombaini

Rauschenberg alizaliwa Port Arthur, jimbo la Texas, kwa jina la Milton Ernest Rauschenberg. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitumikia jeshi la majini akiwa mhudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko California. Baada ya vita alisoma sanaa Kansas City, kisha Paris, na mwaka 1948 akaingia Chuo cha Black Mountain katika jimbo la North Carolina. Mwalimu wake huko alikuwa Josef Albers, Mjerumani mwenye nidhamu kali, ambaye aliwafundisha wanafunzi kuitazama kila malighafi, iwe karatasi, waya au jani kavu, kwa uzito uleule. Wawili hao hawakupatana sana. Hata hivyo ni vigumu kuzielewa kombaini bila somo hilo.

Mwaka 1952 na 1953 alisafiri Italia na Moroko pamoja na mchoraji Cy Twombly. Katika safari hiyo alitengeneza visanduku vidogo vilivyojazwa vitu vya kuokota, na vifungu vya kamba, manyoya na mifupa vya kuning'iniza, ambavyo vilionyeshwa Roma na Firenze. Mhakiki mmoja wa Firenze aliandika kwamba vitu hivyo vinafaa kutupwa katika mto Arno. Rauschenberg alibakiza vichache, vilivyosalia akavitupa mtoni, kisha akamwandikia mhakiki huyo kumjulisha kwamba ameufuata ushauri wake.

Aliporudi New York alikuwa maskini, akiishi katika jengo kuukuu karibu na soko la samaki la mtaa wa Fulton. Kwa muda alijipatia riziki kwa kupamba madirisha ya maduka makubwa pamoja na rafiki yake Jasper Johns, msanii mwingine kijana. Kazi hiyo waliifanya kwa jina la kubuni, wasije wakajulikana kama wapamba maduka. Vitu vya kombaini vingi vilitoka mitaa ya jirani. Alijiwekea utaratibu wa kuzunguka mtaa mmoja na kuokota alichokuta. Kikikosekana cha kutosha, alijiruhusu kuzunguka mtaa mwingine.

## Mkupuo wa brashi ulimaanisha nini

Ili kuona kombaini zilileta ubishi gani, inafaa kujua uchoraji uliotawala New York wakati ule. Ulikuwa uchoraji wa kundi lililoitwa la ekspreshonisimu dhahania, na wachoraji wake mashuhuri walikuwa Jackson Pollock, Willem de Kooning na Franz Kline. Pollock, kuanzia mwaka 1947, alitandaza turubai chini na kuidondoshea rangi huku akitembea kuizunguka. De Kooning alipaka, akakwangua, akapaka tena. Katika picha za namna hiyo hakuna mti wala uso unaoigwa moja kwa moja, au ukiwepo umevurugwa. Kinachobaki ni alama ya mwendo wa mkono na mwili wa mchoraji.

Mwaka 1952 mhakiki Harold Rosenberg aliandika makala iliyopata umaarufu mkubwa. Alieleza kwamba kwa wachoraji hao turubai limekuwa kama uwanja wa kutenda, na kwamba picha ni kumbukumbu ya tukio lililotokea hapo. Wazo hilo lilipoenea, kila mchirizi wa rangi ulianza kusomwa kama ushahidi wa nafsi: furaha, hofu au uchungu wa mtu aliyeushika mkono huo. Mchirizi ulipata heshima ambayo kipande cha gazeti au soksi kuukuu havikuwa nayo.

Upande wa pili ulikuwepo ufundi wa kujenga kazi kwa kuunganisha vitu vilivyokwisha kuwepo, unaoitwa asemblaji. Nao haukuwa mpya. Pablo Picasso alitengeneza gitaa la makaratasi na kamba mwaka 1912, Marcel Duchamp akafunga gurudumu la baiskeli juu ya kigoda mwaka 1913, na Kurt Schwitters wa Ujerumani alijenga picha kwa tiketi na takataka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Rauschenberg aliziweka njia hizo mbili katika kazi moja, lakini kwa namna iliyoikera kila kambi. Rangi yake ilikuwa nyingi, nzito, yenye michirizi kama ya de Kooning, ila ilianguka juu ya kitu chenye historia yake. Mtazamaji hakuweza tena kuusoma mchirizi kama sauti ya nafsi peke yake, kwa sababu pembeni yake palikuwa na tangazo la biashara, tai ya shingoni au bango la barabarani, na vyote vilisimama sawa. Rangi yenyewe ilikuwa kitu kimojawapo kati ya vitu.

Dalili za fikra hiyo zilionekana mapema. Mwaka 1953 alimwendea de Kooning, mchoraji aliyemheshimu kuliko wengi, akamwomba mchoro ili aufute. De Kooning hakufurahia, lakini alikubali, na kwa makusudi akachagua mchoro ambao ungekuwa mgumu kufutika. Kazi hiyo ilichukua wiki kadhaa na vifutio vingi. Karatasi iliyobaki karibu nyeupe, pamoja na maandishi madogo yaliyoandikwa na Johns chini yake, sasa iko katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya San Francisco. Wengi waliiona kuwa matusi. Inaweza pia kusomwa kama heshima ya ajabu: mwanafunzi anayetumia wiki nzima nzima kufuata kila mstari wa mwalimu, ijapokuwa kinyumenyume.

## Factum I na Factum II

Hoja ya Rauschenberg kuhusu mkupuo wa brashi inaonekana wazi zaidi katika kombaini mbili za mwaka 1957 ziitwazo *Factum I* na *Factum II*. Alizitengeneza sambamba. Kila moja ina kurasa za kalenda, picha mbili za rais Dwight Eisenhower, picha za miti miwili, picha ya jengo linaloungua, na herufi T kubwa nyekundu. Kila moja pia ina mikupuo ya rangi nyeupe, manjano na nyekundu pamoja na michirizi inayoshuka.

Anayeziona pamoja hushtuka kidogo. Michirizi ya ya kwanza inafanana na michirizi ya ya pili, mahali palepale, karibu kwa umbo lilelile. Si nakala kamili, kwa maana rangi ya maji haitii amri, lakini ufanano unatosha kuuliza swali: kama mkupuo ni tukio la nafsi lisilorudiwa, umewezaje kurudiwa kwenye turubai la jirani? Na kama umeigizwa katika moja, ni katika ipi? Rauschenberg hakusema kwamba uchoraji wa mwendo wa mkono ni uongo. Yeye mwenyewe aliendelea kuutumia kwa miaka mingi. Alichoonyesha ni kwamba mkupuo ni lugha inayoweza kujifunzwa. Kwa bahati mbaya kazi hizi mbili zinakaa mbalimbali, ya kwanza Los Angeles na ya pili New York, hivyo ni nadra watu kuziona pamoja.

## Onyesho la Leo Castelli, 1958

Leo Castelli alifungua nyumba yake ya sanaa mwezi Februari 1957 katika jengo alimokuwa akiishi, barabara ya 77 Mashariki, New York. Mwezi Machi mwaka huo alikwenda karakana ya Rauschenberg, mtaa wa Pearl, kuchagua kazi za kuonyesha. Katika mazungumzo ilibidi barafu ya vinywaji ichukuliwe kwa Johns, aliyekaa ghorofa ya chini. Castelli aliomba kumwona Johns, akashuka, akakuta michoro ya bendera na shabaha, na papo hapo akamwahidi onyesho.

Matokeo yake ni kwamba Johns alitangulia, Januari 1958, na onyesho lake likawa ushindi: Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York ilichukua kazi tatu. Zamu ya Rauschenberg ilifika mwezi Machi. Kombaini zilizoonyeshwa hazikupata wanunuzi, isipokuwa mmoja aliyehesabika, naye alikuwa Castelli mwenyewe. Alinunua *Bed*, yaani "Kitanda".

Kazi hiyo ya mwaka 1955 ndiyo iliyosumbua watu kuliko zote. Ni mto, shuka na blanketi la viraka vilivyonyooshwa juu ya fremu ya mbao na kutundikwa wima ukutani, kwa urefu wa sentimita 191 hivi. Sehemu ya juu, mahali pa kichwa na kifua, imechorwachorwa kwa penseli na kumwagiwa rangi nyekundu, buluu, manjano na nyeupe, inayotiririka kuelekea viraka safi vya chini. Kwa maelezo yaliyozoeleka, Rauschenberg hakuwa na fedha za turubai, akatumia blanketi lililokuwepo. Kwanza alitaka blanketi liwe picha dhahania tu, lakini miraba yake ilikataa kusahau kwamba ni blanketi, hadi alipoongeza mto.

Watazamaji wengi waliona mahali pa mauaji. Mwaka huohuo, kazi ilipopelekwa kwenye tamasha la Spoleto nchini Italia, wasimamizi hawakukubali kuiweka ukumbini, wakaificha chumba cha nyuma. Msanii alishangaa, kwake ilikuwa moja ya picha zake za kirafiki zaidi, na hofu yake ilikuwa mtu asije akataka kuingia ndani alale. Tofauti hiyo ya macho inafundisha kitu kuhusu michirizi ya rangi. Kwenye turubai tupu, rangi nyekundu inayotiririka ni rangi. Juu ya mto, inakuwa damu, hata kama aliyeimwaga hakuifikiria damu.

Mhakiki Leo Steinberg baadaye alitoa maelezo mengine. Kwake, badiliko kubwa halikuwa vitu vilivyobandikwa bali mlalo wa picha. Picha za zamani ziliwekwa wima kama dirisha au kama mtu anavyosimama. Kombaini zinafanya kazi kama meza, sakafu au ubao wa matangazo, mahali ambapo vitu hurundikwa na habari hukusanyika. Kitanda, ambacho hulala kisha kikasimamishwa, kilikuwa mfano wake ulio wazi.

## Mbuzi

*Monogram* ilichukua miaka minne, kuanzia 1955 hadi 1959. Rauschenberg aliona mbuzi wa Angora aliyekaushwa katika duka la samani kuukuu za ofisi, barabara ya Saba. Bei ilikuwa dola 35. Alikuwa na dola 15, akaziacha kama malipo ya kwanza. Uso wa mnyama ulikuwa umeharibika, naye aliufunika kwa rangi nene za mikupuo, jambo linaloifanya pua ya mbuzi kuwa picha ndogo ya mtindo wa de Kooning.

Tatizo lilikuwa mahali pa kumweka. Kwanza alimpandisha kwenye rafu mbele ya turubai la ukutani. Mbuzi akaonekana kama amebandikwa, na upande wake mmoja haukuonekana. Mara ya pili alimsimamisha sakafuni mbele ya ubao mrefu ulio wima, akiwa amevikwa tairi kiunoni. Sasa ikawa kana kwamba mbuzi anauvuta ubao kama mkokoteni. Johns ndiye aliyependekeza ubao ulazwe chini na mbuzi asimame juu yake. Hivyo turubai likawa kama malisho yake: jukwaa la mraba lenye magurudumu, rangi, vipande vya mabango, kisigino cha kiatu na mpira wa tenisi.

Hatua hizo tatu zinaonyesha kwamba kombaini hazikuwa rundo la vitu vilivyotupwa pamoja bila kufikiri, ingawa lawama hiyo ilirudiwa mara nyingi. Msanii alikuwa akitafuta jinsi kitu chenye mvuto mkali kama mbuzi kitakavyokaa na rangi bila kimoja kukimeza kingine. Tangu katikati ya miaka ya 1960 kazi hii ni mali ya makumbusho ya Moderna Museet, Stockholm.

## Tai na kodi ya mirathi

*Canyon* ya mwaka 1959 ina historia ambayo hata wasiojali sanaa wameisikia. Ni turubai lenye rangi, vipande vya nguo, karatasi, kioo na bomba la rangi lililobanwa. Ndani yake kuna picha ya Christopher, mwana wa msanii, akiwa mtoto na mkono wake umeinuliwa. Kutoka sehemu ya chini anajitokeza tai kichwa-cheupe, ndege wa nembo ya taifa la Marekani, amekaushwa na mabawa yametanda. Chini yake mto wa kulalia unaning'inia kwa kamba iliyoukaza katikati. Wapo wataalamu wanaoiunganisha na hadithi ya Kigiriki ya Ganymede, kijana aliyenyakuliwa na tai wa Zeus, hasa kama ilivyochorwa na Rembrandt mwaka 1635, ambapo makalio ya mtoto yanaonekana kwa umbo la mto huo.

Ndege huyo aliletwa na msanii Sari Dienes, aliyemkuta kati ya vitu vilivyotupwa vya jirani yake. Lakini sheria za Marekani za 1918 na 1940 zinakataza kuuza tai huyo, awe hai au mfu. Wakala wa serikali wa wanyamapori walipoiona kazi hiyo katika miaka ya 1980, mmiliki wake, mfanyabiashara wa sanaa Ileana Sonnabend, aliruhusiwa kubaki nayo kwa masharti. Mwaka 1988 Rauschenberg alitoa tamko la kisheria kwamba ndege alikuwa amekufa na kukaushwa kabla ya mwaka 1940.

Sonnabend alifariki mwaka 2007. Wathamini walioajiriwa na warithi waliandika thamani ya *Canyon* kuwa sifuri, kwa hoja rahisi: kisichoweza kuuzwa kihalali hakina bei sokoni. Mamlaka ya kodi ilikataa. Ilikadiria thamani kuwa dola milioni 65, ikadai kodi ya dola milioni 29.2 na kuongeza adhabu ya dola milioni 11.7. Warithi walijikuta mahali pagumu: wakilipa, wanalipia kitu wasichoweza kukiuza ili kupata fedha za kulipia, wakijaribu kukiuza, wanatenda kosa la jinai. Mwaka 2012 pande mbili zilipatana. Kazi ilitolewa bure kwa Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York na madai ya kodi yakafutwa.

Kesi hiyo ni mfano wa nadra wa asemblaji kugongana na dola kwa sababu ya jinsi ilivyotengenezwa. Tai aliyechorwa angeuzwa bila swali. Tai huyu si mchoro, na sheria ilimtambua hivyo hata baada ya miaka hamsini ya kukaa ndani ya picha.

## Baada ya mwaka 1964

Mwaka 1961 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa iliandaa maonyesho makubwa ya asemblaji chini ya William Seitz, na Rauschenberg alikuwa kati ya washiriki vijana waliozungumziwa sana. Mwaka huohuo kombaini yake *Black Market* ilionyeshwa Amsterdam. Ilikuwa na sanduku la vitu, na watazamaji walialikwa kuchukua kimoja na kuacha kingine mahali pake. Wengi walichukua bila kuacha.

Juni 1964 alipata zawadi kuu ya uchoraji kwa msanii wa nje ya Italia katika maonyesho ya kimataifa ya Venezia, huku magazeti kadhaa ya Ulaya yakilalamika kwamba Marekani imenunua ushindi. Kufikia hapo alikuwa ameanza kutumia uchapaji wa picha kwa hariri badala ya vitu vyenyewe. Baada ya zawadi aliagiza vifaa vyake vya uchapaji huo viharibiwe, ili asije akajirudia.

*Bed* ilifika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa mwaka 1989, ikiwa zawadi ya Castelli, aliyekuwa ameishika kwa miaka 31. Maonyesho makubwa ya kombaini yaliyoandaliwa na Paul Schimmel yalifunguliwa katika makumbusho ya Metropolitan, New York, Desemba 2005, yakapita Los Angeles na Paris, na kumalizikia Stockholm mwaka 2007.